Mgonjwa Bora wa Mkoa wa Simiyu

Dutwa
3 Machi 2025

Mwangaluka mayu Joyness,

Mjomba wako nina bahati mpaka nawaonea huruma wasio mimi. Wako watu wazima wangapi katika mkoa huu wanaoumwa tumbo, wamechemshiwa mizizi, wamekanyaga milango ya waganga kuanzia Mwamapalala mpaka Mwamanyili, na bado wanalala wamejikunja kama kambale? Mimi nimeugua mara moja tu na ugonjwa wangu ukapokelewa na wasomi. Nimeingizwa kwenye utafiti. Nimepewa simu mpya ya bure, mayai ya bure, na daktari anayelitazama tumbo langu yeye akiwa Mwanza na mimi nikiwa hapa kwangu nakula michembe ya viazi. Tumbo langu sasa linasafiri kuliko kondakta Nathanael, na halilipi nauli.

Habari za hapa si mbaya. Mkazamjomba wako Maximiliana anakusalimu, goti lake linamsumbua lakini mdomo mzima. Mvua inanyesha inavyojisikia. Pamba imechanua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa mapacha, mmoja akafa, aliyebaki ana nguvu na hana adabu. Mwanangu Mayige alipiga simu ya mama yake juzi, nikasikia mjukuu wangu Kija analia nyuma yake, nikafurahi. Mtoto wa ukoo wetu akilia lazima jirani asikie.

Sasa kuhusu utafiti wenu wa hospitalini. Mimi niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya, lakini nimefika Pugu na malori ya ng'ombe, nimefika Namanga, nimeona wageni wanakimbia asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Niliwacheka mpaka nikakaa chini. Leo wasomi wa Mwanza mnaniambia na mimi nikimbie. Mtu ana uvimbe kwenye utumbo, badala ya kumwambia apumzike akisubiri kisu, mnamwambia apande na kushuka kwenye kizingiti, atembee asubuhi na jioni, aache tumbaku, ale mayai, apulize chupa. Mayu, nimekuwa dalali wa mnada miaka yote hii na sijaona ng'ombe wa kuchinjwa akipelekwa mchakamchaka kwanza. Kama hiyo ndiyo elimu, nilifanya vizuri kuiacha mapema.

Lakini nafanya. Nafanya kuliko mlivyoagiza, ili mkishindwa msiseme ni mimi. Natembea mpaka mbwa wa njiani wamenizoea. Kile kichupa chenye vipira vitatu nakipuliza mpaka vipira vinaomba poo. Tumbaku nimeitupa. Na wiki iliyopita, kwenye ile simu, umekuja ujumbe kwamba katika wagonjwa wote wanaotazamwa kutoka mbali, hajaonekana wa kufanana na mimi. Mgonjwa bora wa mkoa wa Simiyu ni mjomba wako. Waulize hao hao wenzako, kama wana ubavu wa kukataa.

Barua hii anakuletea Nathanael. Mpe maji ya kunywa, usimpe chakula, ataizoea njia.

Mjomba wako,
Bundala


Mwanza
16 Machi 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata. Nathanael amekula sahani mbili. Sisi huku wazima. Kija ameota meno ya juu na anamuuma kila anayembeba. Nilikwenda kwao Jumapili, nikamkuta Mayige anafua na mkewe amelala, alikuwa zamu ya usiku. Usimwambie mkazamjomba kwamba mwanawe anafua, atasafiri kuja kulia.

Uliniuliza mwaka jana kwa nini siku hizi nakuandikia badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu kwenye simu unacheka mpaka nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nianze na ng'ombe wako wa mchakamchaka. Ng'ombe wa kuchinjwa hatutegemei ainuke, mjomba. Wewe tunataka uinuke. Hiyo ndiyo tofauti, na haihitaji darasa la sita. Na hakuna aliyekuambia ukimbie. Tulisema utembee. Kukimbia umeongeza mwenyewe ili upate cha kudharau.

Nakueleza tena, kama nilivyokueleza ulipokuja hapa wakakupima. Mwili unaopasuliwa tumbo unafanya kazi ya msimu mzima wa kulima kwa siku moja, tena umelala. Anayeingia na kifua dhaifu anatoka na kifua kibovu. Utafiti huu unataka kujua kama mtu wa mbali, anayejiandaa kwake nyumbani huku daktari akimtazama kwenye kioo cha simu, anapona sawa na anayelazwa hapa kuandaliwa. Ikithibitika, mtu wa Itilima hatalazimika kuacha shamba lake akalale Mwanza wiki sita kabla ya kisu. Si mchezo wa watu wasio na kazi.

Gloria anakusifia mpaka anachosha. Bahati yako nyingine, kama unazihesabu, ni kwamba anayetazama video za upande wenu ni yeye, mkwe wako mwenyewe. Anasema mazoezi ya pumzi unayafanya kama uliyezaliwa nayo. Kwa kuwa taratibu haziruhusu sura ya mgonjwa kuonekana, anakuona kuanzia shingoni kushuka, na anasema mwili ule ni wa mtu wa miaka arobaini. Nikamwambia baba mkwe wako ana sitini na moja. Akasema basi ndizi za kwao Bukoba zimezidiwa na michembe.

Nimefurahi. Lakini barua yako inanuka tumbaku. Niliifungulia wodini, muuguzi mwenzangu akageuka kuangalia nani ameingia.

Mpwa wako,
Joyness


Dutwa
2 Aprili 2025

Mayu Joyness,

Hapa tunaendelea. Goti la mkazamjomba limepoa. Yule ndama asiye na adabu ameingia jikoni akanywa maziwa mgando yote, sasa tunakula ugali na mlenda, na yeye ananitazama kama mimi ndiye mwizi.

Umeshangaa barua kunuka. Barua ilikaa kwenye mfuko wa Nathanael, na Nathanael ananuka vitu vyote vinavyouzwa kati ya hapa na Lamadi. Ungetulia ungesikia na harufu ya dagaa. Pua ya muuguzi inaona ugonjwa kila mahali.

Lingine. Yule uliyemtaja jina kwenye barua yako, mimi simtaji, na wewe kwa kuwa mama yako Nyanjige alikulea vizuri unajua kwa nini. Ameolewa kwangu. Ni mkwe. Jina lake halipiti kwenye mdomo wangu na halitapita kwenye kalamu yangu. Nikiwa nimekaa barazani naye akipita, nafunga vifungo vya shati mpaka cha juu kabisa hata kama jua linapasua mawe. Sahani yake na yangu hazijawahi kukutana. Nyinyi wa mjini mnakula na wakwe bakuli moja, mnacheka nao mdomo wazi, halafu mnashangaa ndoa zenu zinakaa msimu mmoja kama mahema ya mnada. Basi habari zake uziandike kwa adabu. Sema mama Kija.

Mimi nang'ara. Ujumbe umekuja kwamba kisu ni tarehe kumi na tisa Mei, kwa sababu nimeiva kabla ya wenzangu. Nilisoma mbele ya watu pale mnadani. Wengine wanasubiri kisu mpaka wanazeeka, mimi kisu kinanikimbilia. Bwana mmoja muuza chumvi akaniuliza kama siogopi. Nikamwambia mtu mwenye mapafu kama yangu anamwogopa nani.

Hapa kijijini kichekesho ni Jilala, yule fundi baiskeli jirani yangu. Alikuwa na kitambi cha pombe, leo hana. Anatembea kama askari. Mkewe anamsifia kisimani, eti mume wake amerudi kuwa kijana, eti haumwi tena kifua. Sijui anakula nini. Mtu wa spana na gundi, anajiona mwanamichezo. Nikimtazama nadharau mpaka naona aibu.

Endelea kuwaambia wasomi wenzako wajifunze kwangu.

Mjomba wako,
Bundala


Mwanza
14 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Tu wazima. Kija amesimama mwenyewe akishika kiti. Mayige amepata kazi ya kudumu kule bandarini. Salamu zimeisha.

Nathanael ameniambia kwamba barua yako ulimpelekea stendi kwa bodaboda. Kutoka kwako mpaka stendi ya Dutwa mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia afya. Na anasema uliposhuka ulishika boda ile kama unaizuia isianguke, ukaongea baadaye sana.

La pili. Kile kichupa chenye vipira hakipulizwi. Kinavutwa. Unaweka mrija mdomoni, unavuta pumzi ndani taratibu, vipira vinapanda. Ukipuliza havitikisiki kabisa. Wewe umeniandikia kwamba unapuliza mpaka vinaomba poo. Yule anayeonekana kwenye video anavuta, tena vizuri sana.

La tatu nilimuuliza mama Kija kama mzaha, tukiwa tunakunywa chai. Nikamwambia, baba anajivunia lile kovu la pembe kuliko ng'ombe wake wote. Akauliza, kovu lipi. Mjomba, mimi nimekua kwako. Watoto wote wa nyumba ile ulitupanga mstari, ukafunua shati, tukagusa lile kovu chini ya ubavu wa kushoto huku ukitusimulia dume la Kisesa lilivyokurusha juu ya zizi, na kila mwaka zizi lilikuwa refu zaidi. Mama Kija anasema tumbo la baba halina hata alama ya kipele.

Sikuulizi ili nicheke. Nimeshawahudumia watu waliofika mezani hawakuandaliwa. Kazi ya kisu inakwenda vizuri, daktari wa upasuaji ananawa mikono ameridhika, ndugu wanapewa habari njema koridoni. Halafu siku zinazofuata mtu anashindwa kukohoa, kwa sababu tumbo linauma na kifua hakina nguvu. Makohozi yanakaa. Kichomi kinaingia. Hapo hakuna tena cha mkoa wala cha bora. Mengine kuhusu hilo sitayaandika.

Uvimbe wako hautoki kwa maneno, lazima utolewe. Wamekupa tarehe ya mapema kwa sababu ya mapafu waliyoyaona. Niambie ni mapafu ya nani.

Joyness


Dutwa
27 Aprili 2025

Joyness,

Wote wazima.

Kovu limeliwa na mayai. Mliniletea trei kwa trei mkasema yanajenga nyama, basi yamejenga, yamefunika. Mnalaumu nini?

Kupuliza na kuvuta ni kitu kimoja, inategemea umesimama upande gani wa chupa. Nathanael ni mlevi. Boda nilipanda kwa sababu dereva ni mtoto wa marehemu rafiki yangu na nilitaka kumuungisha. Na kuhusu macho, si nyinyi mliosema kioo kinaona kila kitu? Mlikuja hapa na gari, mkatuambia enzi za daktari kumshika mgonjwa zimepita, sasa ugonjwa utaonekana hukohuko uliko. Basi aminini kioo chenu. Msiponiona kwenye kioo, shida si yangu, ni ya kioo.

Umekuwa muuguzi ukafikiri umekuwa mjomba.

Bundala


Mwanza
5 Mei 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilikuwa fupi, na wewe hujawahi kuandika kitu kifupi tangu nikufahamu. Ndiyo maana nilikaa nayo bila kuijibu. Kija anatembea.

Nimeirudia ile ya mwezi wa nne, ile ya vifungo vya shati. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikaacha kucheka. Mkeo analijua tumbo lako. Mayige analijua. Mimi nalijua kwa vidole. Wachunga ng'ombe wako wanalijua, maana unaoga bwawani mchana kweupe. Katika ukoo wote kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuliona na hatakiwi kuliona, na huyo ndiye uliyepangiwa akutazame. Mtu mwingine yeyote wa nyumba ile usingemdanganya hata dakika moja.

Hukukosea kumheshimu. Ulikosea kutusema sisi wajinga badala ya kusema neno moja tu, kwamba huyu ni mkwe, nitafutieni mwingine. Ni neno la kawaida. Wangekucheka kidogo na wangekubadilishia.

Sasa sikiliza. Yupo Daktari Sylvester. Ni mwanaume, kwao Songea, hajaoa kwetu, hana dada aliyeolewa kwetu, nimemhoji mpaka akaniuliza kama namtaka. Yuko tayari kukutazama kuanzia wiki hii. Kama shida ilikuwa mkwe, shida hiyo imekwisha leo.

Na kama haijaisha, Jumatatu ya tarehe kumi na mbili naingia kwa daktari wa upasuaji namwambia kwamba mtu anayemsubiri hakuna aliyemuona. Sitasubiri umcheke na yeye akiwa ameshika kisu. Ni heri uniite msaliti mpaka tufe wote kwa uzee.

Mpwa wako,
Joyness


Dutwa
8 Mei 2025

Mwangaluka mayu,

Wabeja kwa barua. Mkazamjomba anakusalimu. Pamba imeanza kupasuka, wiki ijayo tunachuma, yaani wanachuma, mimi nitakuwa natoa maelekezo. Ndama yule nimempa jina, nitakuambia mwisho.

Umeandika kama mtu mzima. Nilikasirika, nikaikunja, nikaikunjua, nikamsomea Jilala. Jilala akasema, huyu ndiye angekuwa dalali, wewe ungekuwa mpwa. Fundi baiskeli ananitukana kwenye kiti changu mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipofika.

Sasa nikusimulie, na usinikatize, kama unavyopenda.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilijiandaa kama bwana harusi. Nikaitegemeza simu kwenye gunia la mtama pale uani, nikavua shati, nikapanua kifua, nikasema sasa Mwanza itaona mwanaume. Kioo kikawaka. Nilitegemea mzee fulani mwenye miwani, mtu wa kudharauliana naye kidogo. Sauti ikatoka, ya kike, ya upole, inaijua nyumba yangu. Ikasema, "Shikamoo baba."

Mayu, sijawahi kukimbia mbele ya dume, na lile la Kisesa ni shahidi. Siku ile nilikimbia. Nilirukia nyuma ya ghala na shati mkononi, nikapiga teke ndoo, kuku wakatawanyika. Simu ikabaki inaita baba, baba, upo? Jilala alikuwa palepale uani anaziba pancha ya baiskeli yangu. Akanitazama, akaitazama simu. Nikampa ishara. Akasema, "Unataka nifanye nini, nimuoe?" Nikamnong'oneza avue shati asimame pale, kichwa kibaki nje ya kioo, na afanye chochote atakachoambiwa, na asiseme neno. Yeye akakaza macho, akasema, "Na mayai anakula nani?"

Ndivyo ilivyoanza. Sauti ikaeleza kwamba kuanzia siku ile hakuna kuongea, ni kurekodi tu, bila sura, na kutuma. Nikaona hata Mungu amekubali. Jilala akawa anakuja kila asubuhi kabla hajafungua kibanda. Anapanda na kushuka kwenye kizingiti, anavuta vipira, anakula mayai, anakwenda zake. Mimi nilikaa pembeni navuta tumbaku na kumkosoa. Kwenye ule upuuzi wote mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, na mwalimu hajui kwamba kile kichupa kinavutwa.

Usifikiri hatukubishana. Jilala alisema mkwe wa kwenye kioo si mkwe, ni picha, na picha haina ukwe. Nikamuuliza, kama si mkwe, mbona imenipa shikamoo? Akasema basi vaa shati ufanye mazoezi na shati. Nikamwambia daktari anataka aone mbavu zinavyopanda. Akasema basi mwambie daktari. Nikamwambia nimwambie nini, mimi baba mkwe wake nimtumie ujumbe kwamba naona haya kukuonyesha tumbo? Hilo lenyewe ni kumwonyesha. Akachoka, akala yai.

Na wewe umeandika kwamba ningesema neno moja. Ni kweli. Lakini fikiria lingesemwaje. Pale mnadani kila mtu anajua mkwe wangu ni daktari wa Mwanza. Nimewachosha nalo. Mama Kija ametoka Bukoba, watu wakasema atatudharau, hatapiga goti, hatajua kusonga ugali wa mtama. Alipokuja alipiga goti mpaka mimi nikasikia uchungu wa goti. Ningeenda kusema mbele ya wasomi wenzake wambadilishe, wangefikiri amekosa kitu. Hakukosa kitu. Hiyo sikutaka iandikwe popote.

Hapo ningeweza kuishia na ungeniona mtu wa heshima. Ila uliniletea huyo Sylvester wako wa Songea.

Barua yako ilipofika nikajikuta sina mkwe wa kujificha nyuma yake. Nikasema sawa. Jana asubuhi nikatoka peke yangu, bila kumwambia mtu, nikawa natembea kwenda kibandani kwa Jilala kumwambia kazi yake imekwisha. Unakijua pale kilipo, njia panda, unakiona ukiwa mlangoni kwangu. Nilifika kwenye kalavati. Sikulivuka. Kifua kilifunga kama mtu amekaa juu yake. Nikakaa pale kwenye simenti, nikajifanya natazama mahindi ya watu. Akapita mama mmoja na ndoo, akanisalimia, nikanyanyua mkono tu, maana sauti ilikuwa haipo. Mimi, mayu. Sauti ilikuwa haipo.

Jilala aliniona kutoka kibandani. Akaja mbio, mbio kweli, na hakuhema alipofika. Nikamsubiri acheke. Nilikuwa na jibu lake tayari, lile la spana na gundi. Hakucheka. Akakaa, akanishika mgongo, akasema, "Vuta ndani taratibu, Bundala. Usipulize." Hapo ndipo nilipoogopa.

Tangu ulipoandika lile la mtu anayeshindwa kukohoa, ukasema mengine hutayaandika, nimeiona nafasi uliyoiacha. Hukumtaja mama yako. Nami nilikuwa koridoni siku ile alipopasuliwa. Walitoka wakasema kazi imekwenda vizuri, nikapiga simu nyumbani nikasema Nyanjige atatoka hapa anacheka, chinjeni mbuzi. Siku zile hakukuwa na kichupa wala kizingiti wala mtu wa kumtazama. Alilala ubavu mmoja, akawa ananiomba nisimchekeshe kwa sababu kucheka kunamuuma. Mimi nikaendelea kumchekesha. Sikujua kufanya kingine. Mpaka leo sijui kufanya kingine, ndiyo maana hata hizi barua ziko hivi.

Basi usisubiri Jumatatu. Barua hii ukiisoma nenda siku hiyohiyo kwa daktari wa upasuaji, umwambie asinishike tarehe kumi na tisa. Aifute, waanze kuhesabu upya. Huyo Sylvester anitazame kwenye kioo, na akitaka aione na sura yangu, ni sura nzuri. Tumbaku nimempa Maximiliana akaitupa chooni mbele yangu, tukasimama pale kama tunazika mtu. Kesho asubuhi Jilala anakuja kunitembeza mpaka kwenye kalavati na kunirudisha. Amesema mayai sasa nitakula mimi na yeye atanikosoa. Ameshaanza, na hana huruma.

Mama Kija mwambie wewe. Mimi siwezi. Mwambie kwa adabu kwamba baba hakumdharau, baba alishindwa tu, na kwamba yule ndama asiye na adabu nimemwita Bukoba, na ni wa Kija.

Na ile barua ya mwezi wa tatu, kama umeitunza, ichane. Ile bahati niliyokuandikia haikuwepo. Mimi sijafanya zoezi hata moja. Mgonjwa bora wa mkoa wa Simiyu ni Jilala, na Jilala haumwi.

Bundala